Isale la Diwani

Mzee Leodegar wa Uru alikuwa mwongo, tena mwongo mzuri. Miaka ishirini na sita aliendesha lori la kahawa kutoka vijijini hadi Moshi mjini, na kila safari alirudi na kisa. Siku moja alisimulia kwamba breki zilimkatikia kwenye mteremko wa kanisani, akaokolewa na tembo saba waliokuwa wakivuka barabara, wakaliegemea lori mpaka likasimama. Watu walicheka hadi pombe ya mbege ikawapalia. Mkewe Dominika, akimenya ndizi za mtori, alisema bila kuinua kichwa, "Punguza, baba Mathew."

"Watano, basi."

"Punguza."

Akashuka mpaka tembo mmoja, tena mdogo, ndipo Dominika akamruhusu aendelee.

Mwaka jana mvua za masika zilizidi, mlima ukaachia udongo. Uliteremka Jumapili watu wakiwa misani, ukabeba nyumba kumi na nne, na migomba ikaenda mtoni imesimama wima kama watu waendao sokoni. Hilo hakulitia chumvi. Yeye na Dominika wakahamia banda la ng'ombe, maana ndilo lililobaki. Serikali ikatoa fedha za maafa. Kamati ikaja, ikaandika majina. Dominika aliandikisha jina lake mwenyewe, vyumba vitatu. "Wakikuuliza wewe nyumba ilikuwa na vyumba vingapi," alimwambia mumewe, "utasema kumi na viwili."

Wakangoja. Mwezi wa saba baridi ya mlimani ilipenya mbao za banda, kifua kikamkamata Dominika, na mwezi haujaisha wakamzika kihambani mwao, shamba la nyumbani, upande wa chini ambako udongo haukufika. Alilazwa kando ya masale aliyoyapanda mwaka alioolewa, yale majani marefu yanayowekwa mipakani na makaburini, ambayo mtu pia huyabeba anapokwenda kuomba msamaha.

Matanga yalipokwisha, Leodegar alikwenda ofisi ya kata kuuliza. Elinipendo, mpiga chapa, alitazama mlango kwanza.

"Meku, mzee wangu, orodha ni siri ya kamati."

"Siri gani, na jina ni la mke wangu?"

Elinipendo akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Niliichapa mimi. Mama Dominika hayupo. Gesti ya diwani, ile ya Himo, ipo. Ya kwanza kabisa."

Himo, kule chini, ambako wiki ile hata vumbi halikulowa. Na diwani Primus alikuwa mtoto wa ubatizo wa Dominika. Ni yeye aliyempakata siku anamwagiwa maji kichwani.

Leodegar alijijua. "Nikilisema mimi," alimwambia Theodora, jirani yake mjane ambaye nyumba yake ilikwenda siku ile ile, "litakuwa kisa cha tembo. Lazima mwenyekiti asome, jina kwa jina, mbele ya watu. Dominika alijiandikisha. Nataka wote wasikie kwamba hayumo, na nani yumo."

Theodora akaweka dole gumba kwenye barua ya kudai mkutano. Wengine wakafuata, arobaini na mmoja kwa jumla. Mwenyekiti wa kijiji, Gidioni, hakuwa na pa kukimbilia. Akapanga mkutano, Jumamosi saa nne, orodha isomwe.

Jumamosi hiyo saa mbili asubuhi, Primus akabisha kwenye banda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo huna dereva?"

"Gari nimeliacha barabarani. Nimepita njia ya chini, kwa miguu."

Viatu vyake vilikuwa na udongo mbichi. Mikononi alishika isale. Akapiga magoti pale kwenye samadi, na suruali yake ya mkutano.

"Nimekosa, baba. Kwa mama na kwako."

"Umekosa nini? Kitaje."

Primus akainamisha kichwa. "Nimekosa."

Leodegar alilitazama lile jani. Huku mlimani, aliyeletewa isale hakatai. Hata ndugu waliokatana mapanga wamewahi kupatanishwa nalo. Na Dominika angemwambia pokea, mtoto ni wetu. Akapokea.

"Nimekusamehe la kwangu. Orodha isomwe hata hivyo."

"Sawa, baba. Basi njoo nalo mkutanoni, watu waone hatuna ugomvi."

Leodegar akaona ni neno la busara. Akisema akiwa na isale mkononi, nani atadai anasema kwa chuki? Akalibeba wima njia nzima, kama mshumaa wa Pasaka.

Uwanja wa ofisi ya kijiji ulikuwa umejaa. Alipotokea, mazungumzo yalikatika.

"Amepokea," mtu mmoja alisema chini chini.

"La diwani?"

"La nani mwingine?"

Wazee wakavua kofia. Gidioni, aliyekuwa amesimama na karatasi mkononi, akaikunja mara mbili na kuitia mfuko wa koti, kwa wepesi wa mtu aliyetuliwa gunia. "Ndugu zangu, mwenye jambo amepokea isale. Jambo lililopokelewa isale halifukuliwi. Tumshukuru Mungu."

Hapo ndipo Leodegar alipoelewa amebeba nini. "Nimesamehe langu tu," alisema. "La Theodora si langu kusamehe. La kijiji hakuniletea mimi. Soma, mwenyekiti."

"Meku, tusimsumbue marehemu."

"Gesti ya Himo imo humo mfukoni mwako. Ya kwanza. Na Himo haikunyesha."

Kisha sauti kutoka nyuma, wala haikuwa na ubaya: "Na tembo, meku, walikuwa wangapi?"

Wakacheka. Kilikuwa kicheko kile kile walichompa maisha yake yote, na alikuwa amekitafuta mwenyewe. Primus hakucheka, alikuwa akiwaamkia wazee, mmoja mmoja. Saa sita uwanja ulikuwa mtupu.

Leodegar alirudi kwa njia ya chini. Isale likichomekwa ardhini hushika, na hakutaka kulitupa, akaenda nalo kaburini. Kwenye safu ya masale ya Dominika akakuta shina moja limekatwa, limekatwa asubuhi ile, bado lina maji. Akalisogeza lile la mkononi. Likakaa sawasawa. Kwa Primus, Himo, uwanja wote ni sementi.

Hilo hakumwambia mkewe. Alilichomeka isale, akakanyagia udongo, akaketi.

"Wameisoma," alisema. "Gidioni, kwa sauti, mpaka koo likamkauka. Zamu ya gesti ilipofika, watu wakasimama wote. Primus amerudisha kila kitu. Na wewe umo, mama Mathew, namba kumi na saba. Vyumba vitatu, kama ulivyosema."

Theodora alikuwa amemfuata kimya kimya, amesimama nyuma yake na kanga imekazwa kifuani. Mkutanoni alikuwepo, amesikia yote.

"Na mimi, meku?" akauliza. "Nimo?"

"Umo. Namba kumi na nane."

Theodora akaketi kando yake. Leodegar akainamisha kichwa, kama mtu anayengoja kuambiwa apunguze.