Gunia Bichi la Mboje

Mwalimu Nassib ana ugonjwa mmoja tu: akiona kitu kimefungwa, lazima akifungue. Ni mtu wa Pangani, serikali ilimleta Bariadi kufundisha fizikia, akapanga chumba nyuma ya studio yangu ya video, na tangu hapo pasi yangu haina mfuniko na redio yangu inasema inapotaka. Ningeshamfukuza, ila na mimi ugonjwa huo ninao kidogo. Akifungua kitu, nami husogea nikachungulia.

Kwa hiyo siku Mboje alipokuja na haraka zake, alitukuta wote wawili tukiwa na afya mbaya.

"Mwangaluka, dada Rahel."

"Mwangaluka, Mboje. Mhola?"

"Mhola duhu."

Alikuwa anaoa Jumamosi, kwao Sapiwi, na video alitaka aipate Alhamisi ya wiki inayofuata. Ijumaa angempeleka bibi harusi, Gloria, Mwamanyili, kumsalimia Januarius, baba mdogo wa Mboje. Huyo Januarius asingekuja harusini. Yeye na baba yake Mboje, mzee Bujiku, walikuwa hawajasemeshana tangu Mboje akiwa darasa la kwanza, na sababu ni fahali. Bujiku alimwacha fahali wake wa mbegu kwa mdogo wake akaenda kuuguza mkwe. Aliporudi akakuta fahali amehasiwa na kufungwa jembe. Mtu wa pwani akiisikia habari hii hucheka. Watu wa huku hawacheki.

"Alhamisi haiwezekani," nilimwambia Mboje. Kompyuta yangu ilikuwa kizee. Kurenda harusi moja, yaani kuunganisha vipande vyote viwe video kamili, ilichukua siku na siku, na ukiifungulia kazi ya pili inaganda.

Mboje alipoondoka, Mwalimu Nassib akatokea mlangoni na bisibisi. Hata hakubisha hodi.

"Dada Rahel, prosesa yako ina pacha wake. Umbo lao moja, ila yule pacha ana mbio zaidi. Kuna kidoa kimoja chini yake ndicho kinachoiambia kompyuta iende kasi gani. Tukikifunika, kompyuta itadhani tumeiwekea yule mwenye mbio."

"Na prosesa yenyewe itakubali?"

"Sijui," akasema, na macho yakamng'aa. "Hapo ndipo utamu ulipo."

Mtu mwenye akili zake angesema hapana. Mimi nikaleta wembe.

Aliitoa prosesa, akafuta grisi yake kavu, akaigeuza. Chini ilikuwa na vidoa vya dhahabu vimejipanga kama ulezi ulioanikwa. Akakata kipande cha selotepu kidogo kuliko ukucha wa mtoto, akakibandika juu ya kidoa kimoja, pumzi ameibana. Tukaifunga, tukaweka grisi mpya, tukawasha. Kompyuta ikaamka na kutangaza kasi mpya bila aibu. Nikaijaribu kwa video ya kipaimara. Kazi niliyozoea kuiacha ikaniharibia siku ilikwisha kabla maharage hayajaiva. Nilipiga kigelegele, kusema kweli.

"Tahadhari ni joto tu," Mwalimu akasema. Feni ilikuwa inalia, na ukiweka mkono nyuma ya kompyuta unauondoa haraka. "Joto likizidi inajizima. Likizidi zaidi, inaungua."

Kesho yake Mboje alipita kuniletea kadi ya harusi, akaisikia ile feni, akaambiwa ni joto, akashangaa. "Sasa si mngeivika gunia?"

Tukamtazama.

"Shambani kwenye pamba dumu la maji tunalivika gunia bichi. Jua lichome linavyotaka, maji ni baridi. Hamjui?"

Nani asiyejua? Nimekulia Ipililo, nimekunywa maji hayo. Lakini sikuwahi kuwaza kwamba kompyuta nayo inaweza kuwa na kiu ikatulizwa. Mboje akalowesha gunia la katani, akalitundika kwenye kiti mbele ya tundu ambapo feni inavuta hewa, chini akaweka beseni la kukingia matone. Mwalimu akasoma joto kwenye skrini, likashuka, likashuka tena, akaanza kurukaruka kama amefunga goli.

"Mvuke unabeba joto! Mwaka mzima nawafundisha watoto jambo hili, sikuwahi kuliona likifanya kazi ya maana!"

Toka hapo kila nikipita niliigusa kompyuta kwa kiganja. Baridi. Moyo wangu ukatulia.

Harusi ikafana. Jioni, watu wamekwishashiba, simu zimekwisha chaji kwa kupiga picha ngoma na keki, mzee Bujiku akaomba kipaza sauti. Hakuwa kwenye ratiba. Mshereheshaji alitaka kumzuia, mzee akamtazama tu, naye akapisha.

"Januarius mdogo wangu," akasema, kana kwamba Januarius amekaa meza ya mbele. "Kwa habari ya fahali yule, niliyekosa ni mimi. Nilikuachia ng'ombe sikukuachia neno. Wewe ulikuwa na shamba la kulima na watoto wa kulisha. Nimekasirika mpaka hasira imenichosha. Rudi nyumbani."

Mboje alikuwa analia waziwazi, na mimi nyuma ya kamera sikuwa mbali na machozi. Akanijia mara moja. "Dada, hiyo ndiyo video. Baba mdogo hapokei simu za baba, na maneno ya kuletwa haamini. Lakini akimwona mwenyewe anasema, atakuja." Nikamwambia asihofu.

Nilirudi studio, nikahamishia picha zote kwenye kompyuta, nikaigusa, baridi, nikafuta kadi ya kamera kama ninavyofanya siku zote, kwa sababu Jumapili nilikuwa na kazi nyingine.

Jumatatu nikafungua. Maharusi kanisani, sawa. Ngoma, sawa. Mzee Bujiku akashika kipaza sauti, akafungua mdomo, na uso wake ukavunjika vipande vya mraba, kijani na zambarau. Sauti ikatoka "Janua", ikakwaruza, ikarudi "Janua", ikakatika. Nilijaribu kila programu niliyo nayo. Nikaenda kumwita Mwalimu.

Mwalimu Nassib akairudisha sehemu ile, akaitazama tena na tena.

"Lakini haikupata joto," nikamwambia. "Niligusa!"

"Ndiyo maana." Alisema polepole, kama mtu anayeielewa kadiri anavyoitamka. "Ingepata joto ingejizima, tungejua kuna tatizo. Sisi tuliipoza ikaendelea kufanya kazi. Kasi ilikuwa si yake, ikawa inakosea hesabu zake kimyakimya, na makosa yale ikayaandika pamoja na picha. Dada Rahel, mimi niliogopa moto tu." Akaibandua ile selotepu. Kompyuta ikarudia uzee wake. Video haikurudi.

Nilimwita Mboje, akaja na baba yake. Nikamwonyesha mzee, maana kumficha nisingeweza. Alitazama uso wake ukivunjika, akaomba arudishiwe, akatazama tena. Alikuwa anashangaa zaidi kuliko kukasirika.

"Iliungua?"

"Hapana, baba. Ilikuwa baridi kabisa. Ndani ndiko ilikokuwa inakosea."

Mzee akaguna. "Hata mimi watu walisema nimepoa."

Mboje akaanza kunilaumu, na alikuwa na haki. Baba yake akamkatiza. "Mwache, ng'wana wane. Ijumaa nakwenda na nyie."

Nilikwenda nao na kamera, bila malipo, nikiwa na hamu ya kurekebisha nilichoharibu. Njia nzima mzee alikuwa anatikisa midomo, anajikumbusha hotuba yake.

Januarius alitoka ndani tulipoingia uani. Kwanza akamwona Gloria, akatabasamu. Kisha akamwona kaka yake, tabasamu likaondoka. Nilipeleka mkono kwenye kamera. Mzee Bujiku, bila kunitazama, akanizuia kwa kiganja.

Akafungua mdomo. Yale yote aliyoyasema mbele ya watu wa Sapiwi yalikuwa yamemwishia, na hapakuwa na skrini ya kuyasema badala yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwishowe akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye amelitaka jibu hilo miaka yote na hakuwa na wa kumuuliza: "Yule ng'ombe. Alilima vizuri?"

Januarius akasogea hatua moja.

"Alilima, kaka. Alilima mpaka akazeeka. Sikumchinja."

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Njoo umwone."

Wakaondoka wakifuatana kuelekea zizini, wazee wawili, hawajasalimiana bado. Sisi wengine tukabaki uani, na kamera ikabaki begani kwangu, imezimwa.