Mbele ya Kamera Kila Mtu Ni Mwema

Velma alinipigia simu kutoka Riyadh, furaha imempanda kama aliyeshinda kura yeye mwenyewe. "Metrine, umeuona mdahalo?"

Niliuona hapa Jeddah nikipiga pasi kanzu za bosi. Wanasiasa wanaotafuta tiketi ya chama chetu kuwania urais walijipanga kwenye runinga, kila mmoja akiapa kwamba shida zetu zinamnyima usingizi. Maskini, kwa kukosa usingizi huko mashavu yao yamenona kweli.

"Kura yangu ni ya yule wa tai nyekundu," Velma akasema. "Anatuangalia machoni kabisa!"

"Anaangalia kamera. Hata mimi niliiangalia kamera madam wangu aliponihoji kwa video kabla sijaja huku. Nikamwambia kabsa, ule wali wao wa nyama, naipika tangu utotoni, na wali huo sikuwa nimewahi hata kuunusa."

"Lakini huyu ana huruma, dadangu. Inaonekana usoni."

"Na madam wako alipokuhoji? Si alitabasamu, akakuahidi kila Ijumaa utapumzika?"

Kabla hajajibu, sauti kali ikapenya kwenye simu: "Velma! Yalla, wageni wamefika!"

Ilikuwa Ijumaa.