Kidole Kwenye Tumbo la Crisanto

Crisanto alipotimiza wiki tatu, nilimsifu. Nilimkuta amefungua macho ndani ya kitanda chake cha joto, nikasema, "Mzuri huyu, mashavu yameanza kujaa." Jioni hiyo akaanza kutapika.

Alizaliwa na umio usiofika tumboni. Akiwa na siku mbili, Daktari Villaluz aliuunganisha, na sisi manesi wa wadi ya watoto wachanga tukalinda kila tone la maziwa lililopita kwenye mshono ule. Sasa, robo saa baada ya kulishwa, maziwa yaliruka kutoka mdomoni kama yamesukumwa, yakalowesha shuka mpaka miguuni. Kisha alilia njaa. Baada ya siku tatu mashavu yalikuwa yamenywea.

"Mshono umebana," alisema daktari. "Kesho asubuhi tutamlaza tuutanue."

Dawa ya usingizi tena, kwa mtoto anayekaukiwa maji. Mama yake, Jovelyn, alikunja kanga ya mtoto, akaikunjua, akaikunja tena.

Bibi yake, Bibi Pacing, hakungoja kesho. Alinishika mkono mlangoni.

"Binti, ni wewe uliyemsifu mjukuu wangu?"

"Ni mimi, bibi."

"Na hukusema 'pwera usog'."

Hapa mjini kwetu Lucena kila mtu anajua: mgeni akimsifu mtoto mchanga bila kutamka maneno hayo ya kinga, joto lake humwingia mtoto tumboni, naye hutapika. Wa kumponya ni mgeni yuleyule. Atie mate kidoleni, amguse tumbo.

"Bibi, mimi nimesomea unesi miaka minne."

"Miaka minne, na kumsifu mtoto hujui? Mlikuwa mnasomea wapi, sokoni?"

"Mama, mwache nesi wa watu," alisema Jovelyn.

"Nimwache vipi? Yangetakiwa mate yangu, ningeshayatoa."

Mtoto ana kidonda kibichi, mate yasingewezekana. Lakini sikuweza pia kumwacha mama huyu mzee amesimama pale mlangoni.

"Mate hapana, bibi. Nitanawa mikono, nimguse kwa kidole kikavu."

Alifikiri. "Kikavu hakina nguvu. Haya, gusa. Ila taratibu, si mbiombio kama kawaida yenu."

Crisanto alikuwa ametoka kutapika, tumbo limelegea. Nilizungusha kidole kama bibi alivyonielekeza. Juu ya kitovu, upande wa kulia, kitu kigumu kiliteleza chini ya kidole, kidogo kama kokwa ya zambarau. Nikarudia. Kilikuwepo.

Nikaitazama shuka. Maziwa yalikuwa yameganda mabonge. Yaliyokwama kwenye umio hayagandi hivyo. Haya yalifika tumboni, yakakosa pa kutokea. Siku tatu nilikuwa nikizibadilisha shuka hizo bila kuziangalia.

Nilimpigia daktari.

"Una hakika?"

"Sina, daktari. Naomba uje uguse mwenyewe."

Alikuja, akagusa kwa muda mrefu, kisha akaagiza kipimo. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha msuli wa mlango wa kutokea tumboni umenenepa, umeziba njia. Mshono wa umio ulikuwa mzima. Wakamwekea dripu siku nzima kurudisha maji na chumvi, ndipo wakampasua mara ya pili kuufungua mlango huo.

"Aliyemwumiza ndiye kamponya," Bibi Pacing aliwatangazia walinzi, wafagiaji na mapadri.

"Bado hajapona, bibi," nilimwambia.

Kesho yake nilimpa maziwa, kijiko kimoja tu. Tukasimama watatu, macho kwenye saa ya ukutani. Dakika kumi. Robo saa. Crisanto alikunja uso, na Jovelyn akanyoosha taulo. Mtoto akapiga mwayo. Dakika ishirini. Nusu saa.

Alikuwa amelala, mdomoni hata tone la maziwa halijarudi. Nilifungua kinywa nimsifu, bibi akanitazama.

"Pwera usog," nikasema, na sikuongeza neno.