Damu Iliyovutwa kwa Pupa

Chupa ilipotoka kwenye mashine ya kuzungusha damu, maji yake ya juu yalikuwa mekundu. Yalipaswa kuwa ya manjano hafifu. Mama Spana, mtaalamu wa maabara, aliinua chupa dirishani, akaiteremsha, akaiinua tena, kana kwamba rangi ingeona haya ikabadilika.

Kosa lilikuwa lake. Asubuhi, mezani nyumbani, alimchoma mwanawe sindano akimwambia anampima malaria. Spana, fundi wa magari, alikuwa bado ananuka pombe ya jana. Mama aliogopa kijana angebadili nia, akavuta bomba kwa pupa, chembe za damu zikapasuka. Mwanafunzi wake angefanya hivyo, angemfokea mpaka akome.

Hata hivyo alipima. Vimeng'enya vya ini, vinavyopanda ini likiumia, vilikuwa juu.

"Hayo si majibu," Mama Spana alimwambia Babu Darubini, mkuu wa maabara. "Chembe zikipasuka, namba hupanda zenyewe. Unajua."

Babu alikubali kwamba namba moja hupanda hivyo. Kisha akauliza iko wapi chupa ya pili, ya kupimia chembe zenyewe. Mama akasema hakuona haja ya kuipima. Mzee aliitafuta mwenyewe, akaiweka mashineni, halafu akainamia darubini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Zilizobaki nzima ni kubwa mno, dada. Hilo si la sindano yako. Pombe huzikuza hivyo. Zipo na sababu nyingine, ila wewe ndiye unayeishi naye."

Mama Spana akauliza kama wamechelewa. Aliuliza kama wanavyouliza wale wanaosubiri majibu kwenye benchi la nje, wameshika mikoba yao kwa mikono miwili. Babu alisema hapana. Wengi hufika macho yameshakuwa ya manjano. Huyu bado anajiona mzima, na ini lake linaweza kurudi akiacha pombe, daktari akimsimamia. Lakini alitaka damu safi ya vipimo vyote, na safari hii mwenye damu aambiwe ukweli.

"Nikimwambia hatakuja."

"Basi utapima ya nani?"

Gereji ilikuwa mtaa wa pili. Spana alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana. Mwenzake akamtania kwamba bosi wake wa nyumbani kafika na leo hata muda wa chai hatapewa. Mama hakucheka. Alisimama akaiambia ile miguu kila kitu: kwamba haikuwa malaria, ni ini, kwamba ni ugonjwa uleule uliomvimbisha baba yake tumbo mpaka mkanda ukawa haufungi, kwamba yeye bado ana nafasi ambayo baba yake hakuipata.

Mafundi wengine waliweka nyundo chini.

"Kwa hiyo uliniibia damu," sauti ilitoka chini ya gari.

"Ndiyo."

"Na bado ukaiharibu."

"Nikaiharibu. Nataka nyingine, mwanangu. Hii unipe mwenyewe."

Miguu ilijikunja. Kisha Spana akajivuta nje, akampita mama yake bila kumtazama, akaenda kwenye pipa la maji. Alichota sabuni ya unga akausugua mkono mmoja, kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko, grisi ikichuruzika nyeusi, kisha ya kijivu. Akabaki amesimama palepale, amempa mama yake mgongo, mkono ule msafi ameuweka mbali na mwili kama anayengoja sindano, unadondosha maji.