Vidonge vya Marehemu Fotis

Jumanne asubuhi Bi Evdokia alipanda ngazi za mtaa wetu wa Perama, mkono mmoja umebeba sahani ya ngano ya kuchemshwa ya arobaini, mkono wa pili mfuko wa dawa za marehemu mumewe, Fotis. Ngano ilikuwa ya kumwombea marehemu kanisani. Dawa zilikuwa za kliniki. Ndivyo tulivyozoea: mtu akifa, kabla ya arobaini yake vidonge alivyobakiza hupelekwa kwa Daktari Argyro, katika lililokuwa duka la viatu, naye huvipanga kwenye rafu zile zile za viatu.

Kliniki ilianza pale karakana za meli zilipofungwa. Mafundi walikosa kazi, asiye na kazi akakatwa bima, na asiye na bima akaonyeshwa mlango wa hospitali wa kutokea. Daktari Argyro alikuwa amekwisha kustaafu. Akaomba funguo za duka, akafagia, akaweka kitanda nyuma ya pazia. Serikali ilimtuma mtu kupiga picha, dawa haikutuma. Kwa hiyo dawa zilitoka kwa wafu, wale waliokufa wakiwa na bima. Kufa kufaana, walisema wahenga, na sisi tuliugeuza usemi huo kuwa duka la dawa.

Anayemeza dawa ya marehemu humpokea marehemu mwenyewe kidogo. Daktari aliwaeleza wagonjwa jambo hilo kama alivyowaeleza kwamba kidonge fulani ni cha baada ya chakula. Dawa ya sukari ya mwoka mikate ilimwamsha binti mmoja alfajiri kila siku. Mwashi aliyepewa dawa ya kifua ya kinyozi hakuacha kutazama visogo vya watu.

Vidonge vya moyo vya Fotis alipewa Paraskevas, aliyekuwa mchomeleaji karakanani. Daktari alimwonya kwamba Fotis alikuwa na maneno mengi, avumilie.

Siku ile ile, saa ya kahawa, Paraskevas alifungua geti la Bi Evdokia bila hodi, akavuta kiti cha dirishani, akauliza kwa nini kahawa ya nyumba hii siku zote imepoa. Bi Evdokia akamjibu kwamba siku zote anayechelewa ni yeye. Akawasha jiko. Alilia huku amempa mgongo, maana Fotis hakupenda machozi karibu na chakula.

Tangu hapo alikuja kila siku. Jua likizama, Stamatia, mke wa Paraskevas, alipita kumchukua.

"Nimefuata wangu, Bi Evdokia."

"Mchukue, mwanangu. Wangu keshachoka na umbea wake."

Hawakugombana hata siku moja. Stamatia alimwona mumewe ana rangi usoni, anapanda ngazi bila kusimama kuhema, na hilo lilimtosha.

Kisha vidonge vikapungua. Kipupwe kile hakufa mtu wa moyo mwenye bima. Daktari aliuliza kliniki za mitaa mingine, nazo zilikuwa zikingoja kama yeye. Watu wakaanza kumjulia hali mzee Kleanthis, ambaye moyo wake ulisuasua miaka mingi, naye mzee alielewa vizuri kwa nini anajuliwa hali. Aliwaomba wamwache ale Pasaka kwanza, ndipo wagawane.

Bi Evdokia ndiye aliyetoa wazo la kukata.

"Kata kati, mwanangu. Leo nusu, kesho nusu. Wewe utadumu, na yeye atadumu."

"Daktari kasema kizima," Stamatia alisema akiwa mlangoni.

"Vizima vinaisha wiki hii. Halafu utampa nini? Maji?"

Stamatia alikwenda kumuuliza daktari, akaonyeshwa rafu tupu. Kisu kikaletwa.

Nusu kidonge kilimleta Fotis nusu: alikuja, akakaa, hakusema neno. Robo ilileta namna yake ya kushika kikombe kwa vidole viwili, basi. Bi Evdokia aliridhika na hiyo robo. Alivitazama vidole, hakuitazama miguu ya Paraskevas, iliyovimba hadi viatu havifungiki. Tusimlaumu peke yake. Mtaa mzima tuliiona miguu ile, na tulichofanya ni kumpisha kwenye ngazi.

Unga wa mwisho Paraskevas aliuramba kiganjani. Alikufa Kwaresima ikiwa haijaisha, katikati ya ngazi, mkono ukiwa kwenye ukuta wa watu. Mzee Kleanthis alikula Pasaka yake.

Stamatia aliipekua nyumba yote akitafuta hata kidonge kimoja alichobakiza mumewe: droo, mifuko ya makoti ya kazi, chini ya kitanda. Bi Evdokia alikuja kumsaidia, akapiga magoti yake mabovu sakafuni, akapapasa hata nyufa za mbao. Hawakupata kitu.

Kabla ya arobaini Stamatia alipanda kwenda kliniki na sahani ya ngano na boksi la vidonge la mumewe. Daktari Argyro alilifungua boksi, akaligeuza, akaligongagonga kiganjani.

"Hakubakiza kitu, Stamatia."

"Hata cha mtu kumeza mara moja? Aje tu aulize chakula kiko wapi."

Daktari alisema hakuna. Kisha akampima presha, akaikuta juu, akampa vidonge vya marehemu mke wa wakili mmoja wa mjini, vingi, maboksi mengine hayajafunguliwa. Stamatia alishukuru, akavimeza kama alivyoelekezwa.

Jioni hiyo wafu waliokuwa na bima walipita mtaani kama kawaida, kila mmoja ndani ya mgonjwa wake, wakienda nyumbani kunywa kahawa. Stamatia aliweka vikombe viwili mezani. Mkono wake ukakiondoa kimoja, kwa sababu mke wa wakili hakuwahi kumjua Paraskevas.