Vipimo vya Mahjabeen

Kwa miaka kumi na moja Mahjabeen aliandika mapishi ya kwao Tanga kwenye tovuti yake, akiwa mezani jikoni, ghorofa ya kumi na nne, mtaa wa Thorncliffe Park, Toronto. Wasichana waliolelewa huko walisoma, wakaunguza, wakamwandikia kuuliza, naye akawajibu. Mwaka huu, kimya. Sasa wanaiuliza ile roboti ya maswali kwenye simu, nayo inawapa majibu iliyoyachota kwake, bila wao kumpitia hata kwa salamu.

"Wageni tisa mwezi mzima, Mama," alisema mwanawe Rameez, aliyemtengenezea tovuti hiyo. "Tuifunge tu. Nobody clicks anymore."

Hilo lilimuuma. Lakini kilichomfungua mdomo ni mkate wa Fareen.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye imambara, ukumbi wa ibada wa Mashia, Scarborough, watu wakila baada ya majlisi. Fareen, aliyeolewa majuzi tu, alikuwa ameleta mkate wa kumimina ili awaonyeshe wakwe zake. Ulikuwa mgumu kama kandambili. Wanawake walitafuna kwa adabu. Mama mkwe akauliza nani kamfundisha.

"Niliuliza AI," Fareen alisema, macho chini. "Ilisema ni recipe ya Aunty Mahjabeen."

Mahjabeen alivaa miwani akaisoma simu ya Fareen. Jina lake lilikuwepo kweli, na chini yake unga wa mchele wa paketi na baking paoda. Yeye, anayeloweka mchele usiku kucha, akausaga kwa tui na kuuumua kwa hamira! Wanawake wote walikuwa wakimtazama. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Kuibiwa angevumilia. Kusingiziwa, hapana.

"Huu si wangu," alisema, wote wasikie. "Fareen, njoo kwangu kesho, nikufundishe."

Mama mkwe alikuwa ameshamshikisha Fareen koti lake, waondoke.

Mahjabeen alipofika nyumbani, alimkalisha Rameez mbele ya kompyuta.

"Futa vipimo vyote. Vikombe, vijiko, dakika. Maelezo mengine yaache."

"Mapishi mia mbili, Mama?"

"Mia mbili na sita."

"Sasa watu watapikaje?"

"Waache kuiuliza roboti, waje hapa, wapike mbele ya macho yangu."

Rameez alimgeukia mama yake. "Na wasipokuja?"

Mahjabeen alikuwa amelifikiria hilo njia nzima kwenye basi, na lilimtisha.

"Basi yatakufa na mimi," alisema, "lakini yatakufa yakiwa sahihi. Futa."