Koleo la Spoki

Mwanangu wa pekee aliwekewa nyaya za meno akiwa na miaka thelathini na nne, umri ambao marehemu baba yake alikuwa ameshaanza kung'olewa ya kwake. Watu wanamwita Spoki, kwa sababu ni fundi wa magurudumu ya baiskeli, na tangu utotoni hajawahi kucheka bila kuziba mdomo kwa mkono. Kisa ni jino moja la juu, la chonge, lililoota nje ya wenzake kama mtu aliyechelewa swala, akakuta safu imejaa, akabaki kasimama mlangoni.

Asingelijali jino hilo mpaka kaburini, ila alipata mchumba. Mchumba mwenyewe, mwalimu wa chekechea, hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa shangazi yake aliyemlea. Hatukuwahi kumwona, lakini kauli yake ilitufikia: "Mwanamume anayecheka kwa kujiziba ana jambo analificha. Mleteni nimwone." Tukapewa siku, Jumamosi, wiki sita mbele.

"Wiki sita zinatosha, daktari?" Spoki aliuliza akiwa amelala kwenye kile kiti kirefu.

Daktari, binti mwenye mikono myepesi, alicheka. "Mwaka na nusu, kaka yangu."

Mimi nilikaa pembeni na tasbihi yangu, lakini macho yalikuwa kwenye kazi. Kila jino alilikausha kwa hewa, akalipaka gundi, akabandika kidude cha chuma chenye mfereji katikati, akakigandisha kwa taa ya buluu. Vilipokwisha akapitisha waya mwembamba kwenye mifereji yote na kuufunga kwa viraba. Ulipofika kwenye lile jino korofi ikabidi aupinde.

"Waya huu una kichwa kigumu, mama," akaniambia. "Ukiupinda, unataka kurudi ulivyozaliwa. Ukirudi, unarudi na jino. Mfupa ulio mbele ya jino unayeyuka kidogo kidogo, na nyuma yake unaota mwingine. Mimi kazi yangu kubwa ni kungoja."

"Kumbe jino linahama na nyumba yake."

"Umeelewa kuliko mgonjwa."

Alisema kweli. Wiki ya kwanza mgonjwa alikunywa supu na kunilaumu kwamba nilimzaa na meno mabaya. Nikamjibu kwamba nilipomzaa hakuwa na hata moja.

Wiki ya tatu nilimkuta karakanani akibishana na mteja, mama wa makamo mwenye miwani, aliyeleta gurudumu lililopinda.

"Kukaza spoki ndiyo kazi ya wiki nzima?"

"Mama, ringi hainyooshwi kwa pupa. Robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, unaiacha itulie. Ukivuta spoki moja kwa nguvu, ringi inakuwa yai. Njoo Alhamisi."

"Nimemiliki baiskeli tatu, sijaona fundi mwenye maringo kama wewe."

"Na hizo mbili za kwanza ziko wapi, mama?"

Yule mama akarekebisha miwani yake, akaondoka.

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, nilimpelekea chakula laini. Nikamkuta kanipa mgongo. Kafunga kioo kwenye usukani wa baiskeli, kainama, na koleo dogo limo mdomoni.

"We Spoki! Unafanya nini?"

"Robo mzunguko tu, mama," akajibu na koleo humo humo. Mara tik! Kidude kikabanduka, kikaruka, kikatumbukia kwenye kopo la gololi.

"Nimefuata gurudumu langu," ikasema sauti nyuma yangu. Ni yule mama wa miwani. "Ila naona fundi ana kazi nyingine."

Spoki, mdomo kaufumba, akamwonyesha gurudumu kwa kidole. Mama akalizungusha, likaenda sawa bila kuyumba. Akalibeba, akatoka huku akigeuka geuka nyuma.

Tulimwaga gololi zote kwenye sinia, tukazichambua kama mchele. Nilipokipata kidude, nikamwona anaitazama gundi ya kuzibia pancha. Nikatikisa kichwa. Jino lilikuwa linauma, tena linacheza.

Daktari aliligusa kwa ncha ya kidole na safari hii hakucheka. "Mfupa unasogea ukibembelezwa. Ukiulazimisha, unabana damu ya mzizi, na jino linaweza kufa. Tunaliacha wiki tatu bila kulivuta. Likikaza, tunaendelea. Likizidi kulegea, tunang'oa."

"Daktari, hakuna namna ya kuharakisha..."

"Ringi inakuwa yai," nikasema.

Spoki akateremka kitini.

Jumamosi ya wageni ilifika jino bado halijajulikana kama la duniani au la akhera. Akataka tuahirishe.

"Nitasema naumwa tumbo."

"Mdomo huo umejaa vyuma, uongo utakaa wapi? Vaa shati twende."

Tukabisha hodi. Aliyefungua mlango alikuwa yule mama wa miwani. Mkono wa Spoki ukapanda mdomoni wenyewe.

"Karibu, fundi," akasema. "Koleo umeliacha wapi?"

"Shangazi, mnajuana?" mchumba akashangaa.

"Nilimpelekea gurudumu. Nililipinda mwenyewe kwenye ngazi za nyumba hii, nimwone kabla hajavaa shati la wageni."

Chai ikaletwa. Namjua mwanangu. Nikamshikisha kikombe mkono wa kulia, na sahani ya maandazi mkono wa kushoto.

"Haya, nieleze. Siku ile ulikuwa unakarabati nini?"

Akaeleza yote: jino, wiki sita, koleo. Alipofika kwenye gololi na gundi ya pancha, shangazi akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Spoki naye akashikwa na kicheko, akatafuta mkono wa kujizibia, hana. Akacheka wazi, jino nje, vyuma nje. Mchumba wake alikuwa akimtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

"Kumbe ulichokuwa unaficha ni jino?"

"Ni jino, shangazi."

"Mimi nilidhani ni mke!" Akaokota miwani. "Gurudumu langu linakwenda kama maji. Kunywa chai, baba, tupange siku."

Wiki iliyofuata daktari aligonga lile jino kwa mpini wa kioo chake. Halikutikisika. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, na daktari akaitikia.

Harusi imekwisha, nyaya bado zimo, na jino limeshapiga hatua moja kuelekea safuni. Koleo dogo linakaa kwenye mkoba wangu pamoja na tasbihi. Asubuhi fundi akilihitaji anakuja kuliomba, na mimi namkabidhi. Jioni analirudisha, anapanua mdomo, navihesabu vidude vyote, kisha ndiyo anakwenda kwa mkewe.